Fundi wa Kinu cha Mwamtobo

Dzombo Rai alikuwa fundi mwashi. Nyumba yake ilikuwa Mwamtobo, kijiji kilichojitenga na bahari kidogo upande wa bara wa Msambweni, lakini umri wake wa nguvu aliumalizia Diani. Huko Wazungu walikuwa wakijijengea nyumba za kupumzikia ufuoni, na fundi aliyejua kulichonga jiwe la matumbawe likakaa juu ya jingine bila kuyumba hakukosa kuitwa. Alirudi kwake siku za Ijumaa, na si kila Ijumaa. Mkewe, Asiya, hakuipenda hali ile, ila hakuwa mwanamke wa kuteta. Alikuwa akimwambia tu, "Unawajengea watu nyumba wasizolala, na yako huilali." Dzombo alicheka, na Jumapili akaondoka tena.

Waliishi hivyo miaka mingi bila mtoto. Watu walikwisha kuacha kuuliza. Halafu, Asiya akiwa amekaribia umri ambao wenzake walikuwa wakioza binti zao, akashika mimba. Dzombo aliposikia alikaa kitako mlangoni, mwiko wake wa uashi ungali mkononi. Siku ile hakurudi Diani. Alirudi baadaye, kwa kuwa kazi ilikuwa kazi, na kwa kuwa alitaka kuezeka nyumba yake mabati kabla ya mtoto kuzaliwa.

Hiyo ilikuwa elfu moja mia tisa sitini na moja, mwaka ambao mvua za vuli zilikuja zikakataa kuondoka. Mito ilitoka mahali pake, mihogo ikaozea ardhini, na barabara ya Diani ikakatika vipande vipande. Dzombo aliposikia kwamba Asiya ameshikwa na uchungu, alitembea, akivuka maji yaliyomfika kiunoni, hata akaingia Mwamtobo asubuhi ya pili. Alimkuta Asiya amelala ubavu, macho yamemwingia ndani. Kando yake alikuwa Mwanafatuma, mkunga wa kijiji, mjane mwenye sauti kavu na mikono iliyowapokea karibu watoto wote wa pale.

"Mtoto amekaa vibaya," Mwanafatuma alimwambia bila kumzungusha. "Nimejaribu niliyoyajua. Tumchukue hospitali Msambweni, sasa hivi."

Walimweka juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakabeba, Mwanafatuma akafuata na mwavuli ambao haukumkinga mtu. Walipofika mtoni walikuta daraja halionekani. Maji mekundu yalikuwa yakipita juu yake yakiburura miti mizima na mizizi yake. Walisimama pale wakitazama, mpaka Mwanafatuma aliposema, "Rudini. Twendeni kinuni."

Kinu alichokitaja kilikuwa jengo kubwa la kuchambulia pamba, lililosimama peke yake katikati ya kijiji na mto. Tajiri mmoja wa Mombasa alilijenga zamani, pamba ilipokuwa na soko, na pamba ilipokosa soko akalifunga, akaondoka na funguo zake. Milango ilikuwa imepigwa minyororo. Lakini upande wa kusini palikuwa na jukwaa la saruji lililoinuka kifuani, mahali ambapo wakulima walipimia magunia yao, na paa la mabati lilitokeza likalifunika. Ndipo walipomlaza Asiya.

Mvua ilipiga yale mabati kwa kishindo hata watu waliokuwa bega kwa bega hawakusikizana. Wanaume waligeuka wakatazama ukuta. Dzombo naye aligeuka, uso wake ukiwa karibu na mawe, na hakumsikia mkewe wala hakujua kama alilia au alimwita. Alihisi mkono begani. Alipogeuka alimwona Mwanafatuma akitikisa kichwa. Mtoto alikuwa ametoka amekwisha kufa. Asiya alimfuata kabla ya alasiri.

Walirudi nao kwa kitanda kile kile.

Baada ya arubaini Dzombo alifunga nyumba yake, akarudi Diani. Tangu hapo alikuja Mwamtobo siku za Idi tu, akasali, akawaamkia wakubwa, akazuru kaburi, akaondoka kabla jua halijachwa. Ndugu zake walimshauri aoe. Alijibu, "Nitaangalia," na kila mtu alijua kwamba haangalii.

Alilala katika ghala la nyumba aliyokuwa akiijenga, katikati ya mifuko ya saruji na mapipa ya chokaa. Alijipikia uji asubuhi na wali jioni, akala kwa sufuria, akaosha sufuria, akalala. Vibarua wenzake walikuwa vijana. Walikwenda Ukunda jioni kusikiliza muziki, na mwanzoni walikuwa wakimwita. Baadaye waliacha. Uhuru ulipokuja, nyumba nzima ilikwenda Kwale kutazama ngoma na bendera, hata mpishi na mtunza bustani. Dzombo alibaki na mbwa wa Mzungu. Si kwamba hakuufurahia uhuru. Aliufurahia, lakini hakuwa na mtu wa kumgeukia na kumwambia, "Umeona?" Basi aliona heri amalize ukuta wa jikoni.

Mwaka uliofuata, adhuhuri moja, alishuka ngazi akamkuta Mwanafatuma amesimama kwenye rundo la mchanga, buibui limejaa vumbi. Pamoja naye alikuwa kijana aliyevaa suruali iliyopigwa pasi. Kijana aliamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Poleni na jua."

"Huyu ni bwana Kitsao," alisema Mwanafatuma. "Ni bwana maendeleo wetu. Hatukai sana, basi la kurudi halingoji. Dzombo, tumepewa kinu."

Dzombo alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole baada ya kidole.

Kitsao alieleza. Yule tajiri alikuwa amelikabidhi jengo kwa baraza la wilaya, na baraza limewaambia watu wa Mwamtobo kwamba wakiweza kuligeuza wenyewe, kwa nguvu zao, wataletewa muuguzi na vitanda. Kijiji kilikuwa kimekaa kikao. Wengine walitaka kinu kibomolewe, ijengwe nyumba mpya ya matofali kama za mjini. Lakini nyumba mpya ingewangojesha miaka, na kuta zile zilikuwa nzima, na paa bado limesimama. Mwisho walikubaliana waligeuze liwe nyumba ya wazazi, ya akina mama kujifungulia.

"Wanawake wetu wasivushwe mto tena," Kitsao alimalizia. Hakujua chochote, alikuwa mgeni, mtu wa upande wa Kaloleni.

"Fundi ni wengi," Dzombo alisema.

"Fundi wa saruji ni wengi," alijibu Mwanafatuma. "Ukuta ule ni wa mawe na chokaa. Mtu asiyeujua akianza kuutoboa utatuangukia."

"Dada, mwombeni mtu mwingine. Mimi hapa nina kazi."

Mwanafatuma alimtazama, kisha akaitazama nyumba nyuma yake, nyumba kubwa ambayo vyumba vyake vyote vilielekea bahari. Hakumsihi. Alifunga buibui lake vizuri, akasema, "Haya. Tumekuona u mzima, tunashukuru," akamshika Kitsao mkono wakaondoka. Dzombo alikumbuka baadaye kwamba hakuwapa hata maji.

Alidhani jambo limekwisha. Lakini akili ya fundi haimwulizi mwenyewe ruhusa. Siku ya pili, akiwa anapanga mawe ya baraza ya Mzungu, alijikuta akifikiri: kinu hakina madirisha. Tajiri hakutaka pamba iibwe, wala ilowe. Mwanga utaingiaje? Akajibu moyoni: upande wa mashariki, chini ya boriti, ukuta unaweza kutobolewa bila madhara ikiwa utaanza juu na kushuka, na kila tundu ukalipa kizingiti chake cha juu kabla hujagusa la pili. Akajikemea. Usiku alilala vizuri, na asubuhi akaamka anajua mawe yatakayotolewa madirishani yatatosha kujengea viambaza vya ndani, yasitupwe hata moja. Hapo alikasirika hasa. Alikaa na hasira hiyo siku kadhaa, kisha akamwendea mwenye nyumba akamwambia anakwenda kwao.

Walipoikata minyororo na kuisukuma milango ya kinu, popo walitoka kama moshi. Ndani palikuwa giza na joto, na harufu ya mafuta ya mashine. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeganda juu ya boriti, kijivu kwa vumbi, na upepo ulipoingia zilitikisika. Sakafu ilikuwa nyeusi mahali ilipokaa injini. Mabati yalitoboka huku na huku, lakini mbao zilikuwa ngumu. Nyuma ya jengo, chini ya ardhi, palikuwa na birika kubwa la maji lililochimbiwa injini, limejaa majani na vyura. Kitsao aliingia humo mwenyewe, amekunja suruali, akatoka amechafuka na kufurahi.

"Hili likisafishwa, na paa likitiwa mifereji," alisema, "wazazi watakuwa na maji ya kuogea kiangazi kizima."

Dzombo alikubali kwa kichwa. Alimpenda yule kijana, japo hakujua namna ya kumwonyesha.

Kazi iliendelea miezi mingi, kwani watu walikuja walipopata nafasi. Wanaume walichoma chokaa porini na kukata boriti za mikoko. Dzombo alitoboa madirisha, akaanza juu na kushuka kama alivyopanga, na kila jua lilipoingia kwa tundu jipya, watu walisimama kidogo kutazama. Sakafu yenye mafuta ilivunjwa. Wanawake walikuja na vipande vya miti, wakapanga safu, wakaipiga ile mpya kwa mdundo, wakiimba, wengine wamebeba watoto mgongoni. Siku hizo za sakafu zilikuwa na kicheko na vyakula. Dzombo alikaa nje, upande wa birika, akinoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa. Walimletea sahani yake, akasema ahsante, akala peke yake. Walimheshimu. Wengi walikuwa wamesahau namna ya kuzungumza naye, na yeye alikuwa amesahau pia.

Jukwaa la mizani hakuligusa. Alikuwa na sababu kila siku: chokaa haijaiva, ngazi inahitajika ndani, mvua inakuja. Alijua mahali pake katika mchoro wa Kitsao. Mchoro ulionyesha kwamba jukwaa lingezungushiwa ukuta, litiwe mlango na madirisha mawili, liwe chumba cha kuzalia. Lilikuwa mahali bora. Liliinuka, maji yasingelifikia, na upepo wa kusi uliingia moja kwa moja.

Mwisho alimwendea Mwanafatuma nyumbani kwake. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye mkeka wa ukumbini.

"Nimekuja kwa neno moja, dada. Chumba chenyewe kiwe mahali pengine. Nitakujengea kizuri zaidi, kwenye kona ya mashariki. Pale pawe stoo."

Mwanafatuma alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Kona ya mashariki ina joto. Mwanamke mwenye uchungu anataka upepo."

"Pale unapajua."

"Napajua." Aliweka ungo chini. "Unadhani mimi sipajui? Wewe uliutazama ukuta, Dzombo. Sikulaumu, mwanamume hutakiwi kutazama. Mimi nilitazama. Tangu siku ile kila mwanamke akiniita, naiona ile saruji kabla sijauona uso wake. Wewe utajenga, uende zako. Mimi nitaingia mle kila siku mpaka nife."

 Miaka yote ile Dzombo hakupata kufikiri kwamba kulikuwa na mtu wa pili aliyebaki pale jukwaani.

"Kwa nini unapataka, basi?" aliuliza.

"Kwa sababu nikiwakwepesha pale, patakuwa pa kifo milele. Na sina nguvu ya kupakwepa kila siku. Nataka pazaliwe watu."

Alichukua tena ungo wake. Dzombo alikaa kidogo, akaaga, akaenda.

Kesho yake aliwaambia vibarua wapumzike. Alianza peke yake. Alipiga timazi kwenye kona kupima wima wake, akapanga jiwe la kwanza, la pili. Alifanya kazi polepole kuliko desturi yake, akimwaga chokaa kidogo kidogo. Ilipofika safu ya kifuani alikuwa amesimama pale pale aliposimama siku ile, uso kwa mawe ya kinu, na safari hii hapakuwa na mvua. Alisikia kila kitu: mwiko ukikwaruza, kunguru, mtu akiita mbuzi kwa mbali. Alilia pale, kwa mara ya kwanza, bila sauti, huku mikono ikiendelea na kazi. Jioni ukuta ulikuwa umesimama na ulikuwa sawa.

Siku ya kufungua, wakubwa walikuja kutoka Kwale na gari lao, wakahutubu, wakapigiwa makofi. Kitsao aliwashukuru watu wote, na alipofika kwa fundi alimtafuta kwa macho asimwone, kwa sababu Dzombo alikuwa nyuma ya birika akiukaza mfereji uliolegea. Muuguzi alifika kwa basi, msichana wa Rabai mwenye sare nyeupe. Akina mama wakaingia, wakafungua na kufunga madirisha, wakajaribu vitanda, wakacheka. Kisha mlango ukafungwa, na mwanamume hakuingia tena.

Hilo Dzombo hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile karibu mwaka mzima. Alijua kila jiwe lilitoka wapi na limekwenda wapi. Sasa aliipitia kwa nje kama mpita njia yeyote.

Mtoto wa kwanza alizaliwa baada ya siku chache, asubuhi, mvua ya masika ikinyesha. Dzombo alikuwa amekwenda kuangalia kama mifereji inapeleka maji birikani. Mume wa yule mwanamke, kijana anayeitwa Tembo, alikuwa chini ya paa pamoja na mama yake na shangazi zake, wote wakisikiliza. Dzombo alisimama mbali nao, kwenye kona. Ndani palikuwa na sauti ya Mwanafatuma, kavu kama kawaida, ikisema sukuma, ikisema pumua. Halafu kimya. Halafu kilio chembamba cha mtoto mwenye hasira.

Shangazi walipiga vigelegele. Tembo alikumbatiwa na huyu na yule, akafunguliwa mlango nusu, akaonyeshwa mwanawe. Mtu mmoja alisema akaitwe babu yake. Dzombo alingoja, hakujua anangoja nini. Hakuwa baba wa mtu wala ami yake. Alipoona kwamba maji yanaingia birikani vizuri, alijifunika gunia kichwani, akaenda nyumbani.

Lakini Diani hakurudi. Alifungua nyumba yake, akapiga chokaa upya, akabaki. Alijenga ukuta wa msikiti, akajenga kisima cha shule, na kila mwaka kabla ya mvua muuguzi aliwahamishia wazazi upande mmoja, kisha upande mwingine, ili apate kuipaka nyumba ile chokaa. Ndizo siku alizoingia ndani. Alipaka kuta, akakagua vizingiti, akatoka.

Kwa hali hiyo yeye na Mwanafatuma walizoeana. Alasiri, kazi ikiwa kidogo, mkunga alitoka akakaa kwenye benchi la mawe chini ya ukuta, na Dzombo akipita alisimama. Mwanzoni walizungumzia kuta. Bati fulani linavuja. Komeo la dirisha limelegea. Baadaye Dzombo alikaa kwenye benchi, upande wa pili, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Alimletea samaki alipopata, na Mwanafatuma akampelekea bakuli la mchuzi. Watu wakaanza kusema, kwanza kwa siri, halafu mbele yake. Binamu yake Jumbe alimwuliza waziwazi.

"Unangoja nini, ndugu yangu? Yeye mjane, wewe mjane. Hata sheria haiwazuii."

"Nitaangalia," Dzombo alisema, na safari hii aliangalia kweli.

Aliifikiria namna ya kumwambia. Alikuwa mzito wa maneno, na aliogopa kwamba wakikaa nyumba moja, kile wasichokisema kingekaa nao mezani. Alijiambia angoje kiangazi kipite. Alijiambia angoje mwezi wa Ramadhani upite. Na huku akingoja, macho ya Mwanafatuma yakaanza kufifia. Alikosea kutunga uzi sindanoni, akakosea ngazi, na siku moja akamshika mtoto vibaya, mtoto hakudhurika, lakini yeye mwenyewe alisema basi. Mwanawe wa kiume, mvuvi aliyeoa Majoreni, alikuja kumchukua.

Dzombo alikwenda kuaga. Alikuta mizigo imekwisha kufungwa na watu wamejaa uani. Alimwambia, "Safari njema, dada. Mungu akuweke." Mwanafatuma alielekeza uso wake palipotoka sauti, akangoja kidogo, kana kwamba anampa nafasi. Kisha akasema, "Amina. Nawe pia."

Dzombo alimzuru mara moja tu. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, baada ya Idi, alipopata lori la kumpeleka hadi njia panda ya Majoreni, akatembea sehemu iliyobaki. Alimbebea machungwa na kitambaa cha kichwa. Alimkuta kibarazani, amekonda, macho yamekuwa na utando, na wajukuu wanachezea miguuni pake. Mwanafatuma alimjua kwa hodi yake tu.

"Dzombo. Karibu. Nani kakuleta hata huku?"

"Nilikuwa na haja zangu upande huu," alisema. Hakuwa na haja yoyote.

Mkwe wake Mwanafatuma alikuwa mwanamke mwema. Aliwaletea wali na samaki wa nazi, akawaacha wazungumze. Mwanafatuma aliuliza habari za muuguzi, za Kitsao, ambaye alikuwa amehamishiwa Taita, za watu walioolewa na waliokufa. Dzombo alijibu moja moja. Alimweleza kwamba baraza limejenga jengo lingine la matofali ubavuni mwa kinu, na kwamba fundi walitoka Mombasa.

"Hawakukuita?"

"Hawakuniita."

"Ni zuri?"

Dzombo alifikiri. "Lina joto," alisema, na Mwanafatuma akacheka. Alikuwa hajawahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha tumboni, cha msichana. Wajukuu walimtazama bibi yao kwa mshangao.

Jua lilianza kushuka. Alisikia ndani mkwe akimwambia mtu atandike kitanda cha ukumbini.

"Lala, uondoke kesho," alisema Mwanafatuma. "Njia ni ndefu, na hapa kuna nafasi. Hata ukikaa siku mbili tatu, hakuna atakayekuuliza."

Moyo wa Dzombo ulitaka kukubali. Ulimi ukatangulia, kama ulivyozoea. "Ningependa, dada. Ila nimeloweka chokaa nyumbani. Ikikaa bila kukorogwa itaharibika."

"Basi usiiache iharibike," alisema Mwanafatuma. Alinyosha mkono, Dzombo akaupokea, akaushika muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyotaka. Kisha akaenda.

Alipata lori la mwisho, akashuka njia ya Mwamtobo giza likiingia, akaifungua nyumba yake. Hakukuwa na chokaa iliyolowekwa. Hakuwa na ukuta wa kupaka, wala mtu hakuwa amemwita kwa kazi yoyote. Asubuhi, baada ya kusali, alitoa gunia la chokaa lililokuwa pembeni ya ghala, akalimimina pipani, akatia maji, akasimama juu yake akikoroga huku ikichemka na kutoa mvuke.